Chati Zilizofungiwa Ofisini

Shule niliyofundisha wilayani Busia kuanzia mwaka 1991 ilikuwa na chati nne za sayansi. Moja ilionyesha moyo wa binadamu, mishipa mingine myekundu, mingine ya buluu. Ya pili ilionyesha jino lililopasuliwa katikati, ya tatu mzunguko wa maji, na ya nne siwezi kusema ilionyesha nini kwa sababu mchwa waliimaliza kabla sijaifungua. Hedimasta alizinunua Kisumu kwa pesa zilizobaki baada ya harambee ya kuezeka darasa la sita. Alizibeba mwenyewe kwenye matatu, amezisimamisha katikati ya magoti ili zisikunjike. Alizipenda mno. Alizipenda hadi akazifungia kabatini ofisini mwake, na mwalimu aliyezihitaji alitia sahihi daftarini kama askari anayechukua bunduki. Kwa mwaka mzima nadhani ule moyo ulitoka kabatini mara tatu, na mojawapo ilikuwa siku ya mkaguzi.

Naanza na chati hizo kwa sababu mwaka 1996 zilinifanya niseme uongo mbele ya watu bila kujua. Matokeo ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, yalikuwa yametoka na shule yetu ikaongoza katika zoni. Kwenye mkutano wa walimu tukaulizwa siri yetu. Hedimasta si mtu wa maneno, kwa hivyo nikasimama mimi. Nilikuwa nimefanya hesabu zangu usiku kwa taa ya koroboi: kati ya shule kumi za zoni, nne zilikuwa na chati za ukutani, na tatu kati ya hizo nne zilikuwa kileleni. Nikasema, walimu wenzangu, tazameni shule zenye chati, kisha tazameni zisizo nazo, hesabu haidanganyi. Nikapigiwa makofi. Walimu wawili walinifuata nje kuniuliza duka la Kisumu liko mtaa gani.

Siku hizi nafundisha takwimu za elimu katika chuo cha walimu, na kila mwaka nasimulia kisa hicho darasani. Wanafunzi wangu hucheka, kisha wakiandika tasnifu zao wanafanya kosa lile lile. Sina haki ya kuwalaumu. Kosa lenyewe ni tamu, na muda mfupi baada ya hotuba yangu lilipimwa hapo hapo Busia kwa namna ambayo wanauchumi wa dunia nzima sasa huifundisha.

Busia ya wakati huo ilianzia kwenye mpaka wa Uganda ikateremka hadi ziwani, Budalang'i na Port Victoria, ambako Mto Nzoia ukikasirika unaingia majumbani mwa watu. Ndiko lilikozaliwa neno bodaboda: vijana wa baiskeli walivusha abiria kutoka kituo cha mpaka cha upande huu hadi cha upande wa pili, wakiita boda, boda. Shule zilikuwa nyingi na zote maskini. Msaada ulipokuja, ulikuja kwa njia ambazo kila mwalimu alizijua. Shule ya nyumbani kwa mheshimiwa ilipata kwanza. Iliyofuata ni ile ambayo hedimasta wake anajua kuandika barua. Ya tatu ni iliyo kando ya lami, ambako mgeni haharibu gari. Miaka ikipita, mfadhili anarudi, anaona shule alizosaidia zinafanya vizuri kuliko nyingine, anafurahi, na taarifa inaandikwa. Hakuna aliyeuliza kama shule hizo hazikuwa zikifanya vizuri tangu mwanzo.

Katikati ya miaka ya 1990 alikuja kutembea Mmarekani mmoja, Michael Kremer. Magharibi ya Kenya hakukuwa kugeni kwake; miaka ya 1980, akiwa kijana aliyetoka tu kupata shahada ya kwanza, alifundisha sekondari Kakamega. Rafiki yake wa enzi hizo sasa alifanya kazi na ICS, shirika la Kiholanzi lililofadhili shule na wanafunzi Busia, na alikuwa karibu kuchagua shule saba za kusaidiwa. Kremer akamwambia: chagua 14, kisha bahati iamue zipi saba zianze. Hizo nyingine zitakuonyesha ambavyo zile saba zingekuwa kama usingezigusa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kazi yote. Mwalimu anayetaka kujua kama dawa, kitabu au chati imemsaidia mtoto anahitaji watoto wawili walio mtoto mmoja: Wafula aliyepewa na Wafula yule yule ambaye hakupewa, siku ile ile, tumbo lile lile. Huyo wa pili hayupo duniani. Tunachoweza ni kumtafutia mbadala, na kura ndiyo inayotupa mbadala asiye na upendeleo, kwa sababu kura haijui hedimasta gani ni hodari wala mheshimiwa anatoka kijiji gani.

Nikiwa mwalimu najivunia kwamba wazo hili halikutoka kwa wakulima peke yao, ingawa vitabu vingi humtaja Ronald Fisher, aliyeingia kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919 na kufundisha dunia kugawa mbolea kwenye vishamba kwa nasibu. Mwaka 1923, miaka miwili kabla ya kitabu cha kwanza cha Fisher, William McCall wa chuo cha walimu cha Columbia, New York, alikuwa ameshaandika kitabu kizima cha namna ya kufanya majaribio katika elimu, akieleza kwamba makundi ya wanafunzi yanaweza kusawazishwa kwa bahati nasibu. Na makala ya Donald Rubin ya mwaka 1974, ambayo ndiyo iliyoweka kihesabu habari ya akina Wafula wawili, haikutoka kwenye jarida la takwimu. Ilitoka kwenye jarida la saikolojia ya elimu, na mwandishi alikuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya kutunga mitihani. Wenzangu wa idara ya hisabati hawapendi nikiwakumbusha.

Turudi Busia. Shule saba zilizoangukiwa na bahati zilipata sare, vitabu na madarasa mapya. Watoto wakaacha kutoroka. Wa shule za jirani nao wakahamia, maana mzazi anayepewa sare ya bure haulizi umbali, na madarasa yakafurika. Alama za mitihani zikabaki pale pale.

Kisha vitabu. Kuanzia mwaka 1996 shule 100 ziligawanywa katika mafungu manne ya shule 25, na fungu la kwanza likapata vitabu vya kiada mwaka huo. Nani angetilia shaka kitabu? Mimi nilikuwa na darasa la watoto 50 na vitabu vitatu, kimoja hakina jalada. Hata hivyo matokeo yalisema kwamba kwa wastani vitabu havikupandisha alama. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele darasani. Niliposoma hayo, miaka mingi baadaye, sikushangaa hata kidogo, nikajiuliza kwa nini sikuyasema mimi mwenyewe zamani. Mtoto wa Busia huzaliwa katika Kisamia, Kimarachi, Kinyala au Kiteso. Kiswahili hukiokota sokoni. Kiingereza hukutana nacho kwenye kitabu, na kitabu kile kiliandikwa na watu wenye kumfikiria mtoto wa Nairobi ambaye baba yake husoma gazeti. Wanafunzi wangu wa nyuma walikishika kitabu kipya kwa mikono miwili, wakakinusa, wakatazama picha. Zaidi ya hapo hawakuwa na pa kushika.

Baada ya vitabu zikaja chati, na hapa ndipo mimi ninapoingia, ingawa hakuna aliyenitaja.

Watafiti wanne, Paul Glewwe, Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz, walitaka kujua kama chati za ukutani zinasaidia. Walilifanya jambo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa yangu ya koroboi, ila kwa ustadi: walichukua shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zisizo nazo, wakalinganisha alama katika masomo ambayo chati zake huwepo. Chati zikang'aa. Zilionekana kumpandisha mwanafunzi kiasi ambacho aliye katikati ya wenzake 100 angewapita kama wanane hivi. Kwa kitu cha karatasi, hayo ni mengi. Wakafanya ambalo mimi sikulifanya: wakaingiza katika hesabu nyenzo nyingine za shule, ili chati zisijipatie sifa za vitu hivyo. Chati bado ziling'aa. Makala nyingi za elimu duniani zingeishia hapo, na kwa kweli nyingi ziliishia hapo.

Njia ya pili ilikuwa ya kura. Shule 178 ziliorodheshwa, nusu yake, 89, zikapewa chati mwaka 1997. Wakangoja mitihani, wakalinganisha. Hakuna kitu. Shule zilizopewa na zisizopewa zilikwenda sambamba kama reli.

Makala ilichapishwa mwaka 2004. Niliisoma miaka michache baadaye nikiwa mwanafunzi mzee wa shahada ya uzamili, Jumamosi mchana, maktaba ikiwa tupu, na nikaona uso ukinipata moto. Kwa sababu nilijua ni kitu gani kilichokaa katikati ya zile namba mbili, ile ya kung'aa na ile ya sifuri. Nilifanya kazi chini yake kwa miaka tisa.

Hedimasta wetu alifika shuleni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nasema kwa hakika kwa sababu nilipanga nyumba karibu na lango na nilisikia mnyororo wa baiskeli yake, uliokosa mafuta daima. Alikuwa na karabai moja aliyoitundika darasa la nane kwa prepu ya alfajiri, na mafuta ya taa aliyanunua mwenyewe. Mtoto akikosa siku mbili, siku ya tatu hedimasta alikuwa uani kwao, ameegemeza baiskeli kwenye mwembe, anakunywa uji aliopewa na mama wa mtoto na kuuliza kwa upole kama kuna ugonjwa. Wazazi waliogopa uji ule kuliko kiboko. Alihesabu chaki. Alikaa nyuma ya darasa langu bila kusema neno, na nikimaliza aliniambia, mwalimu, wale watatu wa dirishani hawajakuelewa. Mtu wa namna hiyo, pesa za harambee zikibaki, ndiye anayepanda matatu kwenda Kisumu kununua chati. Hedimasta wa shule jirani, ambaye saa nne asubuhi ungempata kwenye duka la mpakani, hakununua.

Sasa niambie ungemweka wapi katika fomu. Dodoso lina safu ya idadi ya madawati, ya vitabu, ya shahada za walimu, ya paa la mabati au nyasi. Halina safu ya mnyororo wa baiskeli. Mtafiti hodari anaweza kuondoa athari ya kila alichokiandika, lakini hawezi kuondoa asichokiandika, na kisichoandikwa ndicho kilichokuwa kikifaulisha watoto. Chati zilikuwa alama yake tu, kama vumbi linavyoonyesha kwamba gari limepita.

Nilitaka kumwandikia. Alikuwa amestaafu na macho yamefifia, na sikujua ningemwambiaje kwamba kuna Wazungu wamethibitisha kwa hesabu kwamba alikuwa na maana kuliko moyo wake wa karatasi. Sikuandika.

Mradi uliobeba jina la Busia mbali zaidi ni wa minyoo, na katika huo shule yetu ilikuwamo. Kremer na Edward Miguel walishughulika na shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Pesa na watu havikutosha kuanza kote mara moja, kwa hivyo shule ziligawanywa mafungu matatu ya 25: la kwanza lianze mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Na kura yenyewe? Watu hudhani palikuwa na gudulia na vikaratasi. Shule zilipangwa kwa zoni, ndani ya zoni kwa idadi ya wanafunzi, kisha ikahesabiwa moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Basi. Shule yetu iliangukia tatu. Pengine ingekuwa familia chache zilipeleka watoto wao shule nyingine, watoto wangu wangemeza dawa miaka mitatu mapema.

Hali ilikuwa mbaya. Katika vipimo vya mwanzo, watoto 92 kati ya 100 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Safura iliingia kupitia nyayo, na nyayo za wanafunzi wangu hazikujua kiatu. Walio karibu na ziwa walikuwa na kichocho. Mvua za El Niño za mwaka huo zikaongeza matope na mayai ya minyoo ndani ya matope. Dawa zilikuwa mbili, albendazole, na praziquantel kwa shule zenye kichocho. Wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa, kwa hofu kwamba aliye na mimba asiyoijua angedhurika.

Kuanzia 1999 ikatakiwa mzazi aje atie sahihi ya kukubali. Sharti la haki kabisa, na lililoonyesha jinsi karatasi ya mjini inavyobadilika ikifika kijijini. Daftari la sahihi liliwekwa ofisini kwa hedimasta. Mzazi mwenye deni la karo hapiti karibu na ofisi ya hedimasta. Kwa hivyo mtoto maskini zaidi, mwenye tumbo kubwa zaidi, ndiye aliyekosa kidonge, na si kwamba baba yake alikataa dawa. Niliyasikia haya kwa walimu wa shule za fungu la pili, na tulipofikiwa sisi nikamshauri hedimasta daftari likae chini ya mwembe, mimi nilisimamie.

Waliohesabu mahudhurio walikuja bila taarifa, kwa baiskeli, wakaita majina darasani. Rejista zetu hawakuziamini, na walikuwa sahihi, maana mwalimu wa Kenya ya siku hizo alijaza rejista Ijumaa mchana kwa wiki nzima. Walichokipata kilichapishwa mwaka 2004: utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikuonyesha kupanda. La ajabu zaidi, watoto ambao hawakumeza dawa nao walipungukiwa na minyoo, hata wa shule za jirani, kwa sababu mwenzao aliyetibiwa hakuacha tena mayai kichakani wanakopita wote. Hapo nilielewa kwamba kulinganisha mtoto na jirani yake wa darasa moja kungedanganya kwa namna nyingine kabisa: jirani amepona kwa dawa ya mwenzake, basi dawa inaonekana haina kazi. Ndiyo maana walipanga kwa shule nzima.

Halafu likaja suala la malipo. Mwaka 2001 katika baadhi ya shule wazazi walitakiwa wachangie, wastani wa senti 30 hivi za dola kwa mtoto. Waliotibiwa wakashuka kutoka kama robo tatu hadi chini ya mmoja kati ya watano. Nimekaa kwenye semina nyingi ambako bwana mmoja mwenye tai husema kitu cha bure hakithaminiwi. Huwa nainua mkono.

Kazi ya minyoo ilikuja kupekuliwa. Mwaka 2015 wataalamu wa afya wa London walichapisha hesabu zao walizorudia kwa data zile zile, wakapata makosa, kubwa likiwa katika namna kompyuta ilivyoelekezwa kuhesabu shule zilizo kati ya kilomita tatu na sita. Sehemu ya faida kwa majirani wa mbali ikayeyuka, ya mahudhurio ikabaki ikibishaniwa, na kelele zikapigwa hata kwenye magazeti. Kwa upande wangu naona jambo moja katika ugomvi huo linastahili heshima: uliwezekana kwa sababu wenye data waliwapa wapinzani wao data. Mimi hesabu yangu ya zoni niliichoma.

Nisiseme kwamba watu wote walipokea kura kwa furaha. Shirika lile lile la ICS lilipoanza mradi wa kuwatuza wasichana wa darasa la sita waliofanya vizuri, Busia na Teso, mwaka 2001 radi ilipiga shule moja ya Teso ikaua wanafunzi saba. Shule hiyo haikuwa kwenye mradi wa wasichana. Haikusaidia kitu. Ikanong'onwa kwamba wageni wanaochagua watoto kwa majina na kugawa pesa wana jambo lao, na shule kadhaa za Teso zikajitoa. Msomi anaweza kucheka. Mimi niliwaelewa kiasi. Mtu anakuja, anachagua shule hii na kuacha ile, ukimwuliza kwa nini anakujibu kwamba hakuna sababu. Katika kijiji changu hakuna jibu la kutisha kuliko hilo.

Kuna aina ya kura ambayo hakuna aliyeipiga, na Kenya nzima iliicheza kila mwaka kuanzia 1985 hadi 2023: KCPE. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa shule ya kitaifa kwa alama mbili, baba yake akalia mbele yangu, mzee wa miaka 60. Mwaka 1960, huko Marekani, watafiti Thistlethwaite na Campbell waligundua kwamba mstari wa alama kama huo ni hazina kwa mtafiti. Aliyevuka kwa alama moja na aliyekosa kwa alama moja ni mtu yule yule. Kilichowatenga ni swali moja lililobahatishwa. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti wakalitumia wazo hilo kwa shule zetu za kitaifa, zilizokuwa 18 wakati huo, na mwaka 2014 wakachapisha kwamba waliovuka mstari hawakufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, vizuri zaidi kwa namna ya kuonekana kuliko waliokosa kidogo tu. Shule zile hung'ara kwa sababu huchukua waliokwisha kung'ara. Ni chati za hedimasta tena, safari hii zina majengo ya mawe na bendi ya shule. Nimewaeleza wazazi wengi jambo hili. Hakuna hata mmoja aliyeacha kulilia shule ya kitaifa, na mpwa wangu alipoitwa moja, nilimnunulia sanduku.

Oktoba 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mpango wa serikali wa dawa za minyoo shuleni, ulioanza mwaka 2009, ulikuwa tayari unawafikia mamilioni ya watoto. Miaka miwili baada ya tuzo ukatoka uchunguzi wa waliokuwa wanafunzi wa zile shule 75, sasa watu wazima wenye ndevu na madeni: waliotangulia kupata dawa walitumia kwa mwezi asilimia 14 zaidi ya waliongoja. Ili kupata hesabu hiyo wahoji waliwafuata walikohamia, Nairobi, Mombasa, Uganda, wakawauliza wamekula nini na wamelipa kodi kiasi gani.

Mmoja wa waliofuatwa alinipigia simu. Ana gereji ndogo Nairobi. Aliniambia, mwalimu, kuna watu wamenihoji saa nzima, wanajua jina la shule yetu, wanajua nilikaa darasa la saba mwaka 1998. Wanataka nini? Nikamweleza habari ya mafungu matatu. Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu akipiga bati nyuma yake.

"Sisi tulikuwa fungu gani?"

"La tatu. Dawa zilifika 2001."

"Mimi nilimaliza la nane mwaka 1999."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sikumeza hata kimoja." Hakuwa na uchungu, alikuwa anapiga hesabu. Kisha akacheka. "Mimi minyoo sikumbuki, mwalimu. Nakumbuka ile chati ya moyo. Niliigusa siku ile mkaguzi alipokuja, hedimasta akanichapa viboko viwili."